Sproketi moja au tatu mbele? Jibu kwa mwalimu wa Newala

Swali: "Naishi Newala mjini na nafundisha shule iliyoko bondeni. Asubuhi nashuka, jioni napanda, na siku nyingine napanda na dumu la maji nyuma. Nina baiskeli ya milimani ya mtumba, ringi za 26. Mbele ina sproketi tatu za meno 22, 32 na 42. Nyuma zipo nane, ndogo ina meno 11 na kubwa 34. Siku hizi leva ya gia ya kushoto nikiibonyeza inapita tu, haishiki, kwa hiyo cheni imebaki kwenye sproketi ya katikati. Fundi anasema ning'oe vyote vya mbele nibaki na moja, ndio mtindo wa sasa. Rafiki yangu wa Dar ana moja mbele na 12 nyuma, anaisifu sana. Wikiendi huwa naelekea Tandahimba, na likizo nataka kufika Mtwara kwa baiskeli. Nifuate ushauri wa fundi?"

Mwalimu, habari za Newala. Using'oe kitu kwanza.

Leva inayobonyezwa ikapita bila kushika, kwenye baiskeli ya mtumba iliyokaa miaka bila kutumika, mara nyingi haijaharibika. Ndani yake kuna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi vikamate gurudumu lenye mapengo. Grisi ya kiwandani ikizeeka inaganda kama gundi, vijino vinalala chini, haviinuki. Dawa yake ni ya dakika 20. Fungua kifuniko cha leva kama kina skrubu, usiendelee kuchokonoa ndani zaidi ya hapo, kisha puliza mafuta ya kulegeza kutu ya kopo, au dondoshea mafuta ya taa kwa bomba la sindano. Bonyeza leva zote mbili, kubwa na ndogo, mara 50 au 60, acha uchafu utiririke, rudia. Utaanza kusikia "tik" moja, halafu mbili. Ikishaamka, tia matone machache ya mafuta mepesi ya cherehani. Leva za namna hii zimenipitia mkononi nyingi, na zilizokataa kabisa ni chache.

Ikiamka na cheni bado haihami, angalia kebo. Chomoa ncha yake kwenye kihamisha cheni cha mbele, uivute kwa mkono ndani ya ala. Ikikwaruza au ikatoka na unga wa kutu, badilisha kebo na ala yake, vyote viwili. Halafu kaa utazame kihamisha chenyewe: bamba lake la nje lipite juu ya meno ya sproketi kubwa kwa milimita 1 hadi 3, na likae sambamba na sproketi ukiangalia kutoka juu. Kikipinda kidogo tu, cheni itakwaruza gia nusu ya zote, na hapo ndipo watu huanza kusema sproketi tatu ni usumbufu.

Sasa twende kwenye swali lenyewe, maana hata leva ikipona bado unastahili kujua kama moja ni bora kuliko tatu.

Watu wengi wakilinganisha wanahesabu gia. Tatu mara nane ni 24, moja mara 12 ni 12, basi 24 inashinda. Hesabu hiyo haina maana, kwa sababu gia nyingi kati ya hizo 24 ni zile zile. Kwenye baiskeli yako, 22 mbele na 11 nyuma inakupa mizunguko 2 ya gurudumu kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya kawaida ya gia nane yenye 11 hadi 34 ina pia sproketi za 15 na 20 katikati. Chukua 32 kwa 15, unapata 2.13. Chukua 42 kwa 20, unapata 2.1. Gia tatu kwenye karatasi, mguu wako hauwezi kuzitofautisha. Ongeza zile ambazo cheni inavutwa upande kupita kiasi, kubwa na kubwa au ndogo na ndogo, ambazo hutakiwi kuzitumia, utabaki na gia kumi na kitu za kweli.

Kitu cha kutazama ni gia yako nyepesi kuliko zote. Kwa anayeishi juu ya uwanda wa Makonde na kufanya kazi chini yake, hakuna namba nyingine inayokaribia hiyo kwa uzito. Ukisimama pale Shimo la Mungu ukatazama bonde lilivyoanguka chini ya miguu yako, hilo ndilo swali ambalo baiskeli yako inalijibu kila jioni.

Tufanye hesabu yako. Ringi ya 26 yenye tairi ya milimani inakwenda karibu mita 2.07 kwa mzunguko mmoja. Kwa 22 mbele na 34 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unakupeleka mita 1.34. Ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, hiyo ni kilomita 4.8 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Sasa fuata ushauri wa fundi wako: toa 22, toa 42, baki na 32 na kaseti ile ile. Gia yako nyepesi inakuwa 32 kwa 34, mita 1.95 kwa mzunguko. Kwa kuzungusha vile vile mara 60, unalazimika kwenda kilomita 7 kwa saa.

Tofauti ya kilomita 2.2 inaonekana ndogo. Weka mzigo juu yake. Tuseme wewe una kilo 65, baiskeli 15, dumu la lita 20 kilo 20, jumla 100. Mlima unaopanda mita 1 kila mita 10, ambao kwenye ukingo wa uwanda si wa ajabu. Kwa kilomita 4.8 kwa saa, kuuinua mzigo huo peke yake kunahitaji wati 131 kutoka miguuni mwako, kabla ya kuhesabu mchanga na kokoto. Kwa kilomita 7 ni wati 191. Mtu mzima mwenye afya anayeendesha kila siku anaweza kuishi na ile ya kwanza kwa muda mrefu. Ya pili ni kazi ya mtu aliyefanya mazoezi, tena hajasimama darasani tangu asubuhi. Na ukisema basi nitazungusha polepole, mara 40 kwa dakika badala ya 60, mwendo utashuka, lakini kila mkanyago utadai nguvu karibu mara moja na nusu ya ile ya sproketi ya 22. Nguvu hiyo inapita kwenye goti. Nimewahi kumhudumia kijana mmoja wa Ruangwa aliyebadilishiwa hivyo hivyo, 32 mbele na 34 nyuma, akaambiwa ni ya kisasa. Alipokuja kwangu alikuwa anasukuma baiskeli kila mlima na goti la kulia linamuuma. Tulimrudishia sproketi yake ndogo.

Kwa hiyo jibu la fundi wako, jinsi lilivyo, nalikataa. Amechukua nusu ya mtindo wa sasa akaacha nusu inayoufanya ufanye kazi.

Hiyo nusu nyingine ni kaseti. Kwa miaka mingi sproketi ya nyuma haikuzidi meno 34 au 36, kwa hiyo wepesi wa kupanda ulilazimika kutoka mbele, ndio maana zikawa tatu. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM walileta mfumo wa XX1, moja mbele na 11 nyuma, kaseti ya 10 hadi 42. Mwaka 2016 wakafika meno 50 kwa gia 12, na wapinzani wao Shimano mwaka 2018 wakaleta yao ya 10 hadi 51. Sproketi ya nyuma yenye meno 51 ni sahani ya chakula. Ikishakuwepo, 32 mbele inakupa uwiano wa 0.63, mwepesi hata kuliko 22 kwa 34 yako ambayo ni 0.65. Baiskeli ya rafiki yako imejengwa hivyo, na hana sababu ya kutoisifu.

Na nimtendee haki, maana sproketi moja ina ubora wa kweli, na ubora huo unaonekana kwenye mchanga wetu kuliko mahali pengi. Unaijua njia ya Tandahimba ilivyo nje ya barabara kuu: unakwenda kwenye udongo mwekundu ulioshikana, ghafla unaingia kwenye mchanga tifutifu chini ya mikorosho, na mara nyingi pale pale panaanza kamlima. Mwendo unakufa kwa sekunde mbili. Unahitaji gia nyepesi sasa hivi, ukiwa umeshakanyaga kwa nguvu zote. Kihamisha cha nyuma kinaweza, kwa sababu kinasukuma cheni kwenye upande uliolegea. Kihamisha cha mbele kinasukuma upande uliokazwa, ule unaobeba nguvu yako yote, kwa hiyo ama kinagoma au kinaiangusha cheni kati ya sproketi ndogo na fremu. Wakati huo umeshaweka mguu chini, na kwenye mchanga ukishasimama huondoki tena mpaka ushuke usukume. Mwenye sproketi moja anabonyeza leva moja tu, gia mbili au tatu, anaendelea kukaa kwenye kiti na kuzungusha.

Kuna pia klachi. Kihamisha cha nyuma cha kisasa kina kifaa kinachozuia mkono wake kuchezacheza, na sproketi ya mbele ya mfumo huu ina jino nene na jembamba kwa kupokezana, yanayoingia sawasawa kwenye pingili nene na nyembamba za cheni. Vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoshika cheni kwenye makorongo. Fundi akikutolea kihamisha cha mbele akakuachia sproketi ya kawaida ya 32, amekutolea hata ule ukuta uliokuwa unaizuia cheni isidondoke. Kwenye mteremko wa asubuhi itaruka mara kwa mara. Hiyo ni sababu ya pili ya kukataa.

Basi kwa nini sikuambii ununue ya 12 kama ya rafiki yako? Kwa sababu ya mahali unapoishi. Kaseti ya gia 12 ya 10 hadi 51 haiingii kwenye habu yako, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Inataka habu ya aina yake, maana yake gurudumu jipya la nyuma. Inataka leva yake, kihamisha chake, cheni yake nyembamba. Cheni ya gia nane unaipata Mtwara mjini, Masasi, na ukibahatika hata Newala kwa fundi wa kawaida. Ya gia 12 utaagiza Dar na kungoja basi. Kihamisha kirefu cha mfumo huo kinaning'inia chini, jirani na visiki na matawi ya mikorosho iliyopogolewa. Siku kikipigwa, kile kishikizo cha alumini kinachokibeba kitapinda, na gia 12 zilizobanana hazivumilii kupinda kwa milimita moja. Gia nane zinavumilia. Naipenda mifumo ile, nimeifunga na kuiendesha, lakini mtu ambaye baiskeli ndiyo inayompeleka kazini Jumatatu asubuhi anapaswa kuwa na kitu ambacho Jumapili jioni kinaweza kutengenezwa alipo.

Ushauri wangu kwako uko katikati, na watu wanausahau kwa sababu haumo kwenye matangazo: baki na mbili. Toa ile ya 42, weka mahali pake bamba la kinga la duara lisilo na meno, ubaki na 22 na 32. Ya 42 inakupa nini? Kwa 42 na 11, ukizungusha mara 90 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 43 kwa saa. Kwenda hivyo kwa nguvu ya miguu yako, kwenye tambarare, na tairi za milimani, huwezi kwa zaidi ya dakika chache; kwenye mteremko mwendo huo unaupata bila kukanyaga. Kwa 32 na 11 unafika kilomita 32, na hiyo inatosha. Meno ya 42 ndiyo yanayogonga mawe, ndiyo yanayokata suruali. Bamba la kinga linachukua mapigo hayo. Kihamisha cha mbele kinabaki na safari moja fupi badala ya mbili, unakishusha kiendane na 32, na kubadilisha kunakuwa kwepesi zaidi. Gharama ni bamba na labda bolti mpya.

Kwa mpango huu utaendesha baiskeli yako kama ina sproketi moja. Siku nzima upo kwenye 32 na unacheza na leva ya kulia. Chini ya mlima wa kurudi nyumbani, kabla haujaanza kuuma, wakati mguu bado ni mwepesi, unashuka kwenye 22 mara moja na unabaki humo mpaka juu. Kosa la wengi ni kungoja mpaka wameshindwa ndipo wabonyeze.

Kabla ya yote hayo kagua krenki, ile mikono inayobeba pedeli na sproketi za mbele. Kama sproketi zako zimefungwa kwa bolti, unaweza kufanya ninayosema. Kama zimegongwa ripiti, hazitoki, utahitaji krenki nyingine, na hapo hesabu inabadilika: afadhali uiache ya 42 ikae, skrubu ya kikomo ya kihamisha uikaze cheni isifike huko, basi.

Ikiwa bado moyo wako uko kwenye sproketi moja, ipo njia isiyokutupa kwenye gia 12. Tafuta seti ya gia 9 kama microSHIFT Advent, yenye kaseti ya 11 hadi 46 na kihamisha chenye klachi, kisha weka mbele sproketi ya 30 yenye jino nene na jembamba, mahali pa ile ya katikati ili cheni inyooke na katikati ya kaseti. Thelathini kwa 46 inakupa mita 1.35 kwa mzunguko. Yako ya sasa ni 1.34. Hutapoteza hata hatua moja ya mlima. Utapoteza juu: 30 kwa 11 kwa mizunguko 90 ni kilomita 30 na nusu kwa saa. Na nafasi kati ya gia moja na nyingine zitakuwa pana, wastani wa asilimia 20, utaihisi kwenye tambarare. Nunua leva, kihamisha na kaseti kwa pamoja, usichanganye na vya zamani, kwa sababu kila mfumo unavuta kebo kwa kipimo chake. Watu wamenunua kihamisha cha Shimano cha gia 10 wakakifunga na leva ya gia 9, wakahangaika wiki nzima wakidhani fundi hajui kazi, kumbe vipimo havikubaliani tangu mwanzo.

Hakikisha pia kwamba nyuma una kaseti, si frii ya kuskrubu, yaani fungu linaloskrubiwa lote zima kwenye habu. Zungusha sproketi za nyuma kinyumenyume huku gurudumu limetulia, utazame duara dogo lenye mapengo katikati. Likizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Likitulia, ni frii, na hakuna kaseti ya 46 itakayoingia hapo bila kubadilisha habu.

Safari ya Mtwara isikutishe kwa ajili ya gia. Kutoka Newala unashuka kwa jumla, na kutoka Mnivata una lami mpaka mjini. Kitakachokuchosha kwenye sehemu ya mwisho ni upepo kama umechagua majira ya kusi, na dhidi ya upepo hutamani sproketi ya 42, unatamani gia mbili za jirani ulizo nazo kwenye 32. Msimbati ukitaka kwenda kuogelea, punguza upepo wa tairi. Mchanga wa kule unashindwa na tairi pana na laini kuliko gia yoyote.

Nimalizie na cheni, maana mchanga huu hauchagui kama una sproketi moja au tatu. Oili chafu ya gari, ambayo kila kijiwe cha mafundi kinayo kwenye kopo, iache kabisa. Mchanga ukishikana nayo unakuwa msasa, nao unasaga cheni na sproketi kwa pamoja. Isafishe cheni kwa mafuta ya taa, ikaushe juani, uyeyushe nta ya parafini, ile ya mishumaa myeupe, ndani ya sufuria iliyowekwa juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka, uizamishe mpaka mapovu yaishe, uitundike. Vumbi halishiki kwenye nta kavu. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba, utairudia mara nyingi zaidi. Na kila mwezi ipime kwa futikamba: pini 24 za mwanzo, kuanzia katikati ya pini ya sifuri, zinatakiwa zifike inchi 12 kamili. Zikipita kwa inchi 1/16, anza kutafuta cheni mpya. Zikifika 1/8 umechelewa, cheni mpya itaruka kwenye kaseti kuukuu na utanunua vyote viwili.

Anza na leva na mafuta ya taa Jumamosi hii. Ikishika, panda wiki mbili ukiwa na 22 yako, na dumu nyuma, halafu ndipo uamue kama kuna kitu cha kung'oa.